Turufu Ngapi Zimebaki?

Ami hakunigombeza. Aliziokota karata zote 40, akazipanga juu ya mkeka mafungu kumi ya karata nne nne, kila fungu kama lilivyoliwa, kuanzia la kwanza tulilocheza kahawa ikiwa bado ya moto hadi la mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya fungu la nane.

"Hapa," akasema, "ulipotoa ree ya kopa. Turufu ngapi zilikuwa hazijatoka?"

"Sijui, Ami."

"Basi hukucheza, mwanangu. Umebahatisha."

Ilikuwa Alhamisi usiku, baada ya Isha, barazani kwake Al Khoudh, magharibi mwa mji wa Maskati. Mimi na yeye tulikuwa wenza. Tulikuwa na alama 49 zikiwa zimebaki duru tatu, nami nikaona nina ree mkononi, alama 11 nzima, na nikaona njia ya kushinda imenyooka. Nikaanza nayo. Aliyecheza wa mwisho, jamaa mpole asiyesema sana, akaiwekea tatu ya uru. Tatu haina thamani hata ya alama moja, lakini usiku ule uru ilikuwa turufu. Ree yangu ikaliwa. Tulimaliza na 58, wao 62.

Kilichonikaa moyoni mpaka leo si kule kushindwa. Ni yale mafungu kumi. Mzee aliyekuwa anazungumza nasi muda wote, akiuliza habari za watoto, akimimina kahawa, alikuwa amehifadhi kichwani kila karata iliyotoka, nani aliitoa na kwa mpangilio gani. Usiku ule nilielewa kwamba nilikuwa nikiketi na fundi, na kwamba ufundi wake ulikuwa unanipita mbele ya macho kila Alhamisi bila ya mimi kuuona.

Kwa asiyeujua wahedi wa sitini, nitaueleza kama unavyochezwa kwetu, maana kila baraza lina kanuni zake ndogo ndogo. Toa nane zote, tisa zote na kumi zote. Zitabaki karata 40. Ree ni alama 11. Saba, ambayo wazee huiita seti, ni 10. Mzungu wa nne, yule mfalme, ni 4; mzungu wa tatu, ghulamu, ni 3; mzungu wa pili, bibi, ni 2. Zilizosalia ni magarasa. Jumlisha utaona kila rangi ina alama 30, na rangi nne zina 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo anayefikisha 61 ameshinda, na ndiyo maana ya jina lenyewe, ambalo ni Kiarabu cha sitini na moja. Wanne hukaa wawili wawili, wenza wakitazamana. Kila mmoja hupewa karata tatu, moja hufunuliwa chini ya pakiti, na rangi yake ndiyo turufu, inayokula rangi nyingine zote, na kila duru ikishaliwa kila mtu huongeza karata moja mpaka pakiti iishe. Halazimiki mtu kufuata rangi. Uhuru huo ndio unaoupa mchezo uzito wake, kwa sababu kila anachokitupa mwenzako amekichagua, na kila alichokichagua kina habari.

Somo la kwanza alilonipa Ami halikuwa la kucheza. Lilikuwa la majina. Nikisema "almasi" hujifanya hakusikia, mpaka niseme uru. Nikisema "kingi" huniuliza ni alama ngapi, na nikisema mzungu wa nne haniulizi kitu, kwa sababu jina limeshajibu. Wa nne ana nne, wa tatu ana tatu, wa pili ana mbili. Waliotunga majina hayo waliiweka hesabu ndani ya neno, ili mtoto aijue thamani ya karata kabla hajajua kusoma.

Na majina hayo yana safari yake. Kopa, shupaza, uru, pau, turufu, hata neno karata lenyewe, yote ni Kireno. Kopa kwao ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu, pau ni magongo. Ndiyo maana mtu wetu huishika karata iliyochorwa moyo mwekundu na kuiita kikombe bila ya kujua: picha zilizoko kwenye pakiti zetu ni za Kifaransa, majina ni ya pakiti ya zamani zaidi ya Wareno. Nayo pakiti ile ya Wareno haikuanzia kwao. Karata ziliingia Ulaya kusini katika karne ya 14 zikitoka kwa Waarabu wa dola ya Wamamluki, Misri, na pakiti moja ya Kimamluki imehifadhiwa hadi leo katika jumba la Topkapi, Istanbul, ikiwa na vikombe vyake, panga zake, dinari zake na magongo yake ya kuchezea polo.

Ukisimama ukingoni mwa bandari ya Maskati ya kale unaziona ngome mbili juu ya majabali, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580. Waliushika mji huu tangu 1507 mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1650. Mtu angedhani maneno ya Ami yalitoka hapo. Hapana. Yeye aliyachukua Unguja, utotoni, kutoka mwambao ambako Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi za Unguja zilitawanyika, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwezi Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, wengi walikuja hapa wakiwa na Kiswahili chao. Kwa hiyo karata iliyotoka Arabuni ikaenda Ureno, ikaja Mombasa na Unguja, imerudi Arabuni ikiwa na majina ya Kireno yaliyotamkwa Kiswahili. Mimi nikiishika mkononi naihisi njia hiyo yote.

Lakini jina halichezi. Baada ya usiku ule wa ree ya kopa nilimwomba Ami anifundishe kuhesabu, nikitarajia ataniambia nikariri karata zote 40. Akatikisa kichwa. "Kumi tu," akasema. "Hesabu turufu. Nyingine ziache zipite kama magari barabarani."

Nilifanya hivyo miezi mitatu. Nilipoteza michezo mingi kwa kuwa akili yote ilikuwa kwenye zile kumi, na mkono ukitoa karata ovyo. Nilikuwa nikikunja kidole kila turufu ikitoka, mpaka wenzangu wakanigundua; ikabidi nihesabu kwa ulimi ndani ya mdomo, kisha bila ya ulimi. Siku moja nikajikuta najua kwamba zimebaki mbili, na sikumbuki kuwa nilihesabu. Nilipomwambia Ami, akaongeza mzigo: sasa shika na ree na seti za rangi tatu zilizobaki. Karata sita. Baadaye wazungu wa nne. Hakunipa kitu kipya mpaka cha kwanza kilipoacha kuwa kazi. Nimesoma shule nzuri na sijapata mwalimu aliyejua hivyo ni lini mwanafunzi amekuwa tayari.

Somo la pili lilihusu mahali pa kukaa katika duru. Kosa langu la ree halikuwa la hesabu peke yake. Nilikuwa wa kwanza kutoa, na anayeanza hajui kitu. Anayecheza wa mwisho ameshaona karata tatu, anajua nani amekula na kwa kiasi gani, na hapo ndipo ree hutolewa kwa usalama. Karata ile ile ni hazina kwa wa nne na ni zawadi kwa adui ikitolewa na wa kwanza. Tangu hapo nikiwa naanza natoa garasa, na nikiwa wa mwisho nafungua mkono. Ni jambo dogo kulisema. Kulitenda, ukiwa na alama 11 mkononi zinazokuwasha na mchezo unakwisha, kunataka tumbo tulivu.

La tatu lilikuwa gumu kuliko yote, na lilikuja kwa njia nisiyoitarajia. Ilikuwa duru ya saba. Pakiti ilikuwa na karata nne tu, ya chini yao ikiwa ile turufu iliyofunuliwa tangu mwanzo. Mimi nilikuwa wa tatu kucheza, na baada yangu alikuwa amebaki mtu mmoja. Nilikuwa nimeshika seti ya shupaza, yenye kutosha kula duru ile, na hesabu yangu iliniambia turufu moja tu haijaonekana. Karata nisizoziona zilikuwa kumi: tatu mkononi mwa yule wa mwisho, mbili mbili kwa wale wawili waliokwisha cheza, na tatu zilizofunikwa pakitini. Kwa hiyo turufu ile ingekuwa kwake mara tatu tu katika kumi. Nikatoa seti kwa moyo mweupe. Alikuwa nayo. Akaila, na mchezo ukaenda kwao.

Nilimtazama Ami nikingoja kidole chake. Akasema, "Vizuri."

"Tumeshindwa, Ami."

"Tumeshindwa, na umecheza vizuri. Ukiletewa karata zile zile kesho, toa seti ile ile."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Maisha yangu yote nilikuwa nikiipima kazi kwa matokeo: kilichofanikiwa kilikuwa sahihi, kilichoharibika kilikuwa kosa. Kumbe mtu anaweza kuamua sawasawa na kupoteza, na anaweza kubahatisha na kushinda, na huyu wa pili ndiye aliye hatarini, kwa kuwa hakuna atakayemwonyesha fungu la nane. Tangu siku hiyo Ami akanipa utaratibu mpya: kabla ya kufunua alama, kila mmoja wetu aseme ni karata gani aliyoitoa vibaya. Tuliposhinda tulisema, tuliposhindwa tulisema. Nilijifunza zaidi usiku tulioshinda, kwa kuwa aibu ilikuwa ndogo na ukweli ulitoka upesi.

Mtoto wa dada yangu anasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, hapo hapo Al Khoudh, na yeye ana mchezo wake: poka, kwenye simu, kwa vichele vya bure visivyonunuliwa wala kuuzwa. Alikuja barazani siku moja akakaa nyuma yangu akitazama. Mchezo ulipokwisha akasema, "Mjomba, hii mbona ni ile ile?" Akanionyesha. Katika poka ya siku hizi kila mtu ana karata mbili zake na tano zinawekwa mezani kwa wote. Alikuwa na kopa mbili, mezani zimefunuliwa karata tatu, mbili zao kopa. Akipata kopa ya tano mkono wake unakamilika. "Kopa ni 13, nne naziona, zimebaki tisa. Nisizoziona ni 47. Tisa katika 47, kama moja katika tano. Nikisubiri karata zote mbili zinazokuja, kama theluthi." Alisema haraka, kama anayesoma namba ya simu. Na mahali pa kukaa napo wanapajua. Kwao pia anayecheza wa mwisho ndiye mwenye nguvu.

Yeye ndiye aliyenipa kitabu cha Maria Konnikova, mwanasaikolojia na mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Moscow. Mama huyu alianza kujifunza poka bila ya kujua hata pakiti ina karata ngapi, akamwendea bingwa wa miaka mingi, Erik Seidel, akawa mwanafunzi wake, na mwezi Januari 2018 akashinda shindano huko Bahama. Nilikisoma nikimwona Ami. Mwalimu anayesema machache, mwanafunzi anayeandika kila kosa, na kazi ya kila siku ya kutenganisha uamuzi na bahati. Hata yule mwanahisabati mkubwa wa karne ya 20, John von Neumann, alipokuwa akijenga nadharia yake ya michezo alitazama poka kuliko sataranji, kwa sababu katika sataranji kila kitu kiko wazi ubaoni, na maisha hayako hivyo.

Hata hivyo nilimwambia kijana ukweli wangu. Poka ni mchezo wa werevu mkubwa, ila werevu wake umefungwa kwenye dau. Anayetishia kwa karata mbovu hutishia kwa fedha. Anayekimbia hukimbia kwa kuogopa hasara. Ukiondoa fedha, ukacheza kwa vichele vya bure, hakuna anayeogopa, wote wanabaki mpaka mwisho, na sanaa ya kutisha na kusoma uso inakufa. Alikubali mwenyewe: kwenye simu yake kila mtu anafuata tu. Ukiweka fedha, umeingia kwenye kamari, na kamari imekatazwa wazi katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, na sheria ya Oman inaikataza vile vile. Hakuna kasino nchi hii, nami naridhika na hilo kwa moyo wote. Nimeona mwambaoni kwetu nyumba zilizovunjika kwa mikeka ya kubashiri mpira.

Wahedi wa sitini hauna haja ya dau. Thamani imo ndani ya karata yenyewe: ree ni 11 iwe mezani kuna tajiri au mwanafunzi. Hasara yako ni alama, na alama zinatosha kuumiza. Barazani kwetu mwenza wa upande ulioshindwa huchanga karata na kumimina kahawa, basi. Haijawekwa hata baisa moja juu ya ule mkeka, na nimeona watu wazima wakishika karata ya mwisho kwa mikono inayotetemeka.

Najua wako wazee wasiotaka karata nyumbani kabisa, hata bila ya fedha, kwa kuogopa kwamba zinapoteza wakati wa sala na kufungua mlango wa mengine. Bibi yangu alikuwa hivyo, na sikuthubutu kumbishia. Ami naye amejiwekea mpaka: adhana ikisikika karata zinafunikwa pale pale, hata kama amebakiza duru moja na alama 60 mfukoni. Sijawahi kumwona akisema "tumalize hii."

Jambo jingine asilolikubali ni kukonyezana. Mahali pengi wenza hupeana ishara, jicho kwa ree, mdomo kwa seti, na wanaona ni sehemu ya mchezo. Kwake ni wizi. "Nikwambie kwa karata," husema. Na kweli huniambia. Akinitupia mzungu wa nne katika duru ninayoila, ananiambia ana nguvu, niendelee. Akitupa garasa wakati angeweza kunipa alama, ananiambia hana hakika na aliye nyuma yangu. Miaka kumi sasa tumekuwa tukizungumza hivyo, yeye na mimi, bila ya neno, na naamini kuna mambo ninayoyajua juu ya ami yangu ambayo hata watoto wake hawayajui: kwamba ni mwoga kidogo akiwa mbele, kwamba ni shujaa akiwa nyuma, kwamba husamehe kosa la haraka na hulikumbuka kosa la uvivu.

Sasa macho yake yamepungua nguvu. Tumenunua pakiti yenye namba kubwa, na taa ya barazani imebadilishwa. Anazisogeza karata karibu na uso, mtu angedhani amechoka. Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alikaa mahali pangu kwa mara ya kwanza, akiwa mwenza wake, na mimi nikakaa nyuma. Duru ya nane kijana alikuwa na ree ya pau na alikuwa wa kwanza kutoa. Niliona kidole gumba chake kikiigusa, kikaiacha, kikaigusa tena. Kisha akatoa nne ya kopa. Ami hakuinua macho, lakini niliona mashavu yake.

Pakiti ya karata si ghali, na nane, tisa na kumi hutolewa kwa dakika moja. Ukiwa Maskati, Sib, Unguja au Mombasa, na nyumbani kwenu yuko mzee anayejua tofauti ya mzungu wa tatu na mzungu wa nne, kaa mbele yake Alhamisi hii. Mwombe akufundishe kuhesabu, na muanze na turufu tu.